Gitaa langu linalia kama nyuki ndani ya debe

Shikamoo Mzee wa Nyuzi,

Naandika kutoka Mbeya, mtaa wa Soweto. Nina miaka 31, nauza vipuri vya pikipiki pale Kabwe, na gitaa nimelishika tangu kidato cha pili. Jumapili napiga solo kanisani. Jumamosi mbili za kila mwezi tunapiga watu wanne kwenye baa moja ya Uyole. Wateja wakijaa sana ni sitini, na mpiga dramu wetu ana mkono wa kutwangia mahindi. Siku zilizobaki napigia nyumbani. Nyumbani penyewe ni chumba na sebule, ukuta mmoja na mama mwenye nyumba.

Ugonjwa wangu ni bluzi na roki. Aliyeniambukiza ni mjomba, alikuwa anafanya kazi kwenye treni ya TAZARA. Kila akirudi kutoka Kapiri Mposhi alikuja na kanda za bendi za Zambia za miaka ya 1970, zile ambazo gitaa linaunguruma na kukwaruza mpaka unadhani spika imepasuka. Wenzangu walikua na Bongo Fleva, mimi nikakua na hizo.

Sasa tatizo. Gitaa langu ni kopi ya Stratocaster, lina pikapu mbili nyembamba na moja nene upande wa daraja (pikapu za gitaa mzee, zile sumaku zinazosikia nyuzi, siyo za kubebea mbao). Mwaka juzi nilinunua amplifaya ya gitaa, kiboksi kimeandikwa wati 300. Dramu zikianza, kinapotea. Nikakiacha, nikachomeka gitaa na pedali ya disto, ile ya kuchafua sauti, kwenye spika kubwa ya baa. Sauti ilitoka kubwa kweli, lakini kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Mke wangu alikuwepo. Tuliporudi nyumbani akaniuliza kama ule wa mwisho ulikuwa wimbo au jenereta.

Nimeweka akiba ya shilingi 1,500,000. Kila ninayemuuliza ana lake. Fundi mitambo wa kanisani anasema nisipoteze hela, gitaa linaingia moja kwa moja kwenye mikisa, ile meza yake ya kuchanganyia sauti. Mpiga rithim wetu anasema ninunue amplifaya ya wati 100 nisije kununua mara mbili. Mpiga besi anaapa kwamba bila valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, hakuna bluzi. Na shemeji yangu aliyeko Marekani amepata Fender Hot Rod Deluxe iliyotumika, ya valvu, wati 40. Anasema mpaka inifikie mkononi itakula 1,300,000, na jibu analitaka kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu kontena linafungwa.

Nataka kitu kimoja kinacholia safi Jumapili, kinachochafuka Jumamosi, na ambacho hakitanifukuzisha nyumba. Kipo?

Mpiga solo wa Soweto, Mbeya


Marahaba mwanangu, na kamwene kutoka huku Iringa.

Kipo. Ila kabla sijakitaja, tuwashughulikie kwanza hao nyuki, maana ukishajua walikotoka, nusu ya washauri wako watakuwa wamejibiwa.

Spika ya muziki, kama ile ya baa, imetengenezwa itoe kila kitu, kuanzia besi ya chini hadi masauti membamba ya juu kabisa. Ndiyo maana ina twita, kaspika kadogo ka masauti ya juu. Spika ya gitaa ni mnyama mwingine. Ni karatasi ya inchi 10 au 12, haina twita, na ukishapita hetzi elfu tano hivi inaanza kunyamaza. Huo unaouona udhaifu ndio utamu wenyewe. Disto inafanya kazi kwa kukata vichwa vya mawimbi ya sauti, na kila wimbi linalokatwa linazaa vijisauti vingi vikali vya juu. Spika ya gitaa inavimeza. Spika ya muziki inavitangaza hadharani. Nyuki wako ni hao. Pedali yako haina kosa, na ungeibadilisha mara kumi ungepata mizinga kumi tofauti.

Kwa hiyo fundi mitambo wa kanisani yuko sahihi nusu. Gitaa safi likiingizwa kwenye mikisa vizuri linavumilika, na ukisikiliza dansi la zamani utaelewa kwa nini yeye anaona inatosha. Gitaa la Mbaraka Mwinshehe lilikuwa linang'aa na kunyooka, noti moja moja unaihesabu. Masikio ya mafundi wetu wengi yamelelewa na sauti hiyo, na hakuna aibu ndani yake. Lakini wewe umelelewa na kanda za mjomba. Kile kikwaruzo cha akina Jagari Chanda na bendi yao ya WITCH ya Zambia ni cha pedali ya fazi, ndugu wa disto mwenye ukali zaidi, na fazi bila spika ya gitaa ni vurugu tupu. Usigombane na fundi wako, hata hivyo. Tutamrudia.

Twende kwenye wati. Kiboksi chako hakikuwa na wati 300 hata siku moja. Namba za namna hiyo mara nyingi ni za kipimo kinachoitwa PMPO, yaani nguvu ya kufumba na kufumbua, ikikadiriwa na mtu mwenye moyo mkunjufu. Kichungulie kwa nyuma: ukikuta kaspika ka inchi 6 na transfoma ya ukubwa wa kiberiti, umeshapata jibu. Na hata wati za kweli haziendi kama mpiga rithim wako anavyozihesabu. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, nyongeza ambayo sikio linaitambua lakini halishtuki. Ili sikio likiri kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, zinahitajika wati mara kumi hivi. Kati ya 50 na 100, basi, hakuna safari ya kukodia gari. Spika yenyewe ina neno kubwa kuliko namba iliyobandikwa mbele: inayotoa desibeli 100 kwa wati moja ikikaa badala ya inayotoa 97, tayari umezidisha mara mbili bila kulipia hata wati moja. Kwa baa ya watu sitini na mtwanga mahindi nyuma yako, dai spika ya inchi 12. Ya inchi 8 ni ya chumbani na itabaki chumbani.

Mpiga besi nina mengi naye, naomba umsomee aya hii kwa sauti. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Fender ya Marekani ilikuwa na amplifaya iitwayo Bassman. Ilikusudiwa watu wa besi, kama jina lake. Wapiga solo wakainyakua, kwa sababu ukiipandisha valvu zake zinaelemewa polepole. Sauti haikatiki ghafla, inaota manyoya. Mwaka 1962 Jim Marshall, mwalimu wa dramu aliyekuwa na duka la vyombo magharibi mwa London, yeye na mafundi wake wakauchukua mchoro ule na kuujenga upya kwa vipuri walivyoweza kuvipata Uingereza. Ndiyo Marshall ya kwanza hiyo. Mwaka 1966 mpiga gitaa Eric Clapton alirekodi na bendi ya bluzi ya John Mayall akitumia Marshall iliyopandishwa hasa, na vijana wengi wa roki wakaifuata sauti ile. Sasa huwa nacheka nikisikia watu wanabishana kuhusu "sauti ya Kimarekani" na "sauti ya Kiingereza". Zote mbili zina bibi mmoja, na bibi huyo alizaliwa kwa ajili ya besi. Mwache mpiga besi wako ajivune kwa hilo.

Lakini kwamba bila valvu hakuna bluzi, hapo anamkosea heshima marehemu B.B. King, mpiga gitaa mkubwa wa bluzi. Mzee yule kwa miaka mingi alisimama mbele ya Lab Series L5, amplifaya ya transista tupu, isiyo na valvu hata moja, na sijasikia mtu akimrudishia tiketi. Utamu wake ulikuwa kwenye vidole na kwenye nobu ya volumu ya gitaa.

Hapo kwenye nobu nikae kidogo, maana ndipo kazi yako ya Jumamosi ilipo. Vijana wengi wanaweka volumu ya gitaa kwenye 10 na kuisahau, halafu wanatafuta amplifaya yenye vitufe ishirini iwabadilishie sauti. Fanya kinyume. Tega amplifaya ikwaruze kwa kiasi unachotaka kwenye solo, gitaa likiwa 10. Kisha rudisha volumu ya gitaa hadi 6 au 5. Amplifaya nzuri itasafika yenyewe, ubaki na rithim yenye chembe ya chumvi tu. Hamia kwenye pikapu nyembamba ya shingoni upate bluzi, rudi kwenye ile nene ya darajani upate roki. Hizo ni sauti nne na bado hujakanyaga pedali. Hiki ndicho kipimo changu cha amplifaya yoyote, ya valvu au ya transista: je, inasikia ninaporudisha nobu? Kama unarudisha na sauti inapungua tu bila kusafika, iache dukani, hata kama ina taa za buluu.

Sasa shemeji. Amplifaya aliyoipata ni nzuri, na ningekuwa na ukumbi wangu mwenyewe ningekwambia ichukue. Valvu mbili kubwa za aina ya 6L6, spika ya inchi 12, na upande wake safi ni mpana, unafaa sana kukanyagia pedali. Lakini hebu itembeze kwenye maisha yako. Ina kilo 20 hivi, na kila Jumamosi itapanda bajaji kwenda Uyole ikiwa na vioo tumboni. Sauti yake tamu inapatikana ukishaipandisha, na ukishaipandisha mama mwenye nyumba atakuwa tayari yuko kwa balozi. Valvu zake zinachoka na kubadilishwa, na kwenye aina hii zikibadilishwa lazima fundi apime na kurekebisha mkondo wake, kazi inayofanyika karibu na umeme wa volti zaidi ya 400 ambao unabaki umejificha kwenye kapasita hata ukishachomoa waya ukutani. Mafundi waliokulia kwenye redio za valvu wanazidi kupungua. Usimkabidhi kijana wa simu eti kwa sababu ana bisibisi nyingi.

Na kubwa kuliko yote ni umeme. Imenunuliwa Marekani, kwa hiyo karibu hakika nyuma imeandikwa volti 120. Kwetu ni 230. Anayekwambia chomeka tu itakubali, mwombe kwanza aweke 1,300,000 mezani. Ungehitaji transfoma ya kushusha yenye uwezo wa wati 300 au zaidi, kwa sababu amplifaya ya valvu inayotoa wati 40 inakula nyingi zaidi ya hizo kutoka ukutani. Huo ni mzigo mwingine wa kubeba, na siku utakayoisahau nyumbani, mwenzako mwenye haraka atachomeka ukutani. Zamani niliua moja mwenyewe, tena ya volti sahihi. Ilikuwa ukumbi mmoja wa Njombe, mwezi wa saba, baridi ya kukunja vidole. Waya wa spika ulikuwa umechomoka njiani, nami nikawasha na kupandisha bila kuangalia nyuma. Valvu zikisukuma na hakuna spika ya kupokea, transfoma ya kutolea sauti ndiyo inayolipa. Nilisikia harufu kabla sijasikia noti.

Ningekuwa wewe ningenunua Boss Katana 50. Siyo ya valvu, ni ya transista yenye kompyuta ndogo inayoigiza tabia za valvu, na inaigiza vizuri kiasi kwamba kwenye baa hakuna mlevi atakayebisha. Spika yake ni ya inchi 12, na inasikia nobu ya gitaa ikirudishwa. Sababu yangu kubwa ni swichi ndogo inayochagua wati 50, 25 au nusu wati. Utatega sauti yako ya Jumamosi, utashusha swichi, na ukwaruzo utabaki pale pale wakati kelele zimeondoka. Nusu wati siyo kimya, nikuonye. Kwenye sebule bado ni sauti. Saa tatu usiku ikifika, chomeka hedifoni. Tundu hilo hilo la hedifoni linaweza kupeleka sauti kwenye mikisa, ikiwa tayari imechujwa kama imepita kwenye spika ya gitaa, bila nyuki. Ukichomeka hapo spika yake inanyamaza, kwa hiyo mwombe fundi mitambo akurudishie gitaa kwenye monita. Nilikwambia tutamrudia. Kama hapendi, akuwekee maikrofoni mbele ya spika, karibu na ukingo wa karatasi na siyo katikati kabisa, na ugomvi utakuwa umekwisha.

Ukikuta Peavey Bandit iliyotumika, ya volti 230, nayo isikilize kwa heshima. Ni ya transista, inchi 12, ngumu, na imetoka kwa kampuni ya Meridian, Mississippi, jimbo lenyewe la bluzi. Amplifaya ndogo za valvu za wati 15, kama Fender Blues Junior, ni tamu mno kwa bluzi. Shida ni kwamba mpiga dramu wako ataisukuma ianze kukwaruza hata pale Jumapili unapoitaka iwe safi, na mpya itaipita akiba yako.

Bei zinapanda na kushuka na dola, sikuandikii namba itakayonisuta. Ila usiimalize milioni na nusu yote kwenye kiboksi. Tenga ya stabilaiza, kwa sababu umeme ukikatika sawa, ni ule unaorudi kwa kishindo unaoua vitu. Mvua zikianza Novemba na radi za milima ya huko kwenu, chomoa kabisa, usitegemee swichi. Nunua pia waya mmoja mzuri wa gitaa. Na uende dukani na gitaa lako mwenyewe, uombe dakika ishirini. Anza na sauti safi, piga kord moja, iache ife yenyewe usikie kama kuna mngurumo chini yake. Usianze na disto. Disto inaficha spika mbovu kama pilipili inavyoficha nyama ya jana.

Hukuniuliza hili, lakini siwezi kumaliza bila kulisema. Je, umewahi kupigwa shoti mdomoni ukiimba huku umeshika nyuzi? Mimi nimepigwa, kwenye harusi huku Mafinga, na meno yaliniuma siku mbili. Nyuzi za gitaa zimeungwa na ardhi ya amplifaya, na maikrofoni imeungwa na ardhi ya mikisa. Kama moja haina ardhi ya kweli, wewe ndiye unayekuwa waya wa kuziunganisha. Chomeka amplifaya na mikisa kwenye ekstensheni moja, usivunje kamwe ile pini ya tatu ya plagi, na kabla ya kuanza fundi apime kwa mita kati ya nyuzi na maikrofoni. Ikisoma volti za maana, msipige mpaka ziishe. Mchungaji ataelewa.

Mama watoto hukusema kama ana neno kuhusu mahali pa kuiweka, lakini najua atakuwa nalo. Iweke juu ya kiti au kreti la soda, usiiache sakafuni. Ikiwa sakafuni utaipandisha bure, maana inayosikia vizuri ni magoti yako na wateja wa meza ya mbele. Ikikaribia usawa wa sikio utashangaa jinsi ulivyokuwa unapiga kwa nguvu, na mpiga dramu naye huenda akashuka, ingawa hilo silitolei ahadi.

Shemeji mjibu leo, asisubiri mwisho wa mwezi, na mshukuru sana. Kisha mwombe kwenye kona ya hilo kontena akuwekee seti sita za nyuzi namba 10. Nyuzi hazijui 120 wala 230.